Marehemu Kwenye Kampeni ya Meya

Mladen, mume wa shangazi yangu Vasilka, alikufa mwezi wa tatu kwa ugonjwa wa mapafu. Alikuwa fundi wa mabasi, mtu wa masharubu mazito na maneno machache, na katika hayo machache mengi yalikuwa ya kumtukana meya wetu, Ognyan Dragiev. Maji ya bomba yakitoka ya kahawia, Mladen alijaza glasi, akaiweka mezani na kusema, "Huyo hapo Dragiev. Mnyweni."

Ilipofika Oktoba, kampeni za umeya zimepamba moto, jirani mmoja aliingia saluni kwangu nikiwa namkata shangazi nywele. Alishika simu yake kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota panya.

"Vasilka, usishtuke. Mladen yumo mtandaoni."

"Yumo wapi?"

"Mtandaoni. Anamsifu Dragiev."

Niliichukua simu. Uso ulikuwa wa Mladen, masharubu na yote, ila jina lilikuwa la mtu tusiyemjua, Hristo Belev. Chini ya video ya meya akizindua bembea za watoto, alikuwa ameandika: "Huyu ndiye baba wa mji wetu. Mungu ampe miaka mingi." Halafu vimoyo vyekundu. Picha yenyewe niliitambua papo hapo. Ni ile ya kwenye tangazo la kifo, lile tulilobandika mlangoni na kwenye nguzo za mtaa kama ilivyo desturi. Waliikata ovyo. Kwenye kona kilibaki kipande cha ule mstari mweusi wa msiba.

Shangazi alikaa na kitambaa shingoni, nywele za upande mmoja zimekatwa, za upande wa pili bado.

"Shuka chini kwenye maoni mengine," akaniambia.

Nikashuka. Tukamkuta mwalimu Snezhana, tuliyemzika zamani, akiahidi kumpa meya kura yake. Tukamkuta Kiril, fundi viatu, ambaye shangazi mwenyewe alimchemshia ngano ya kugawia watu kwenye arobaini yake, akiandika kwamba wapinzani wote ni wezi.

"Nusu ya makaburi iko kwenye kampeni," jirani akasema.

Mji wetu una mtu mmoja tu wa kuchapisha matangazo ya vifo, naye ni Nasko. Binti yake, Radost, ndiye aliyekuwa akimwendeshea meya kampeni ya mtandaoni. Hatukuhitaji mpelelezi. Nilimalizia nywele harakaharaka, tukaenda kwa Radost.

Ofisi ya kampeni ilikuwa duka la keki zamani, na bado ilinukia vanila. Vijana walikaa kwenye meza zilezile za keki, kila mmoja na simu zake kadhaa, vidole vinakimbia. Radost alituona, akanyanyuka na tabasamu.

"Mama Vasilka, karibu! Nikuletee kahawa?"

"Sitaki kahawa yako. Nataka mume wangu."

"Aa, hiyo? Ni picha tu, mama. Jina si lake. Hakuna aliyesema ni Mladen."

"Na hayo masharubu ni ya nani?"

Vijana wakainamia simu zao. Radost akamvutia shangazi kiti, akaanza kumweleza kwa upole, kama daktari anavyomweleza mgonjwa.

"Siku hizi mabango hayasaidii, mama. Meya akijisifu mwenyewe, watu wanapita tu. Lakini mtu akiona mzee wa kawaida, uso wa mtu aliyetoka jasho maisha yake yote, anasimama, anasoma, anaamini. Tulijaribu nyuso za kutengenezwa na kompyuta, watu wakazishtukia. Tukitumia za walio hai, wenyewe wanakuja kulalamika. Na mume wako ana uso mzuri sana. Anafanya kazi kuliko wote."

"Marehemu halalamiki," nikasema.

"Ndiyo hivyo!" akajibu, akidhani nimemwelewa.

"Mimi nalalamika," shangazi akasema. "Mtoe. Sasa hivi, nikiona."

Radost akashusha pumzi, akaifuta akaunti mbele yetu kwa kidole gumba. Tulikuwa tunainuka pale mlango wa nyuma ulipofunguka, akatokea Dragiev mwenyewe, manukato yanamtangulia. Alikuja moja kwa moja kwa shangazi, akaushika mkono wake, akaubusu.

"Pole sana, mama. Mladen alikuwa rafiki yangu."

Shangazi alipigwa na butwaa hata akasahau kuuvuta mkono. Jioni tukajua kwa nini alikuja mbio vile. Kijana mmoja alikuwa amerekodi. Video ilikuwa na muziki wa fidla na maneno: "Meya amfariji mjane wa fundi wetu mpendwa." Shangazi aliitazama mpaka mwisho, huku anausugua mkono ule kwenye sketi. Kisha akatoka nje, nikamsikia anatapika kwenye maua yake.

Aliporudi, alisema, "Niandikie." Nikaandika kwa jina lake, chini ya video: "Mume wangu hakuwa rafiki yako. Alikufa Machi, nanyi mkamfanya akusifu Oktoba. Kama mmemfufua, mrudisheni nyumbani, kuni hazijapasuliwa."

Majibu yalikuja kabla hata sijaweka simu chini. Wa kwanza alikuwa Kiril fundi viatu. Marehemu Kiril, na kofia yake ya Jumapili, alimwita shangazi mlevi aliyehongwa na wapinzani. Snezhana akamuunga mkono. Nyuso nyingine za wazee zikaja, zote za heshima, zote zenye matusi. Halafu maneno yetu yakafutwa, yakabaki ya kwao.

"Kiril alikuwa ananitengenezea viatu bure," shangazi akasema taratibu.

Siku iliyofuata alikuja Boyan Velikin, daktari wa meno, aliyekuwa akigombea dhidi ya Dragiev na kila mahali akihubiri heshima na ubinadamu. Alileta maua. Shangazi alifurahi, akamkaribisha ndani, akamkatia kipande cha banitsa, mkate wetu wa jibini, ya moto. Kumbe nyuma yake kulikuwa na mtu wa kamera.

"Tunataka nchi nzima ikuone, mama," Velikin akasema. "Shika picha ya marehemu hapa, kifuani. Na machozi... usijilazimishe. Yakija tu."

Shangazi akaiweka sahani chini. "Daktari, unang'oa meno kwa ganzi au bila ganzi?"

"Kwa ganzi, mama, bila shaka."

"Mimi mbona hukuniletea? Toka nyumbani kwangu."

Akatoka. Jioni tukaliona geti la shangazi mtandaoni, limefungwa, na maandishi: "Mjane anayeogopa kusema." Geti lilifungwa kwa sababu yake yeye!

Ndipo shangazi alipokataa kabisa kuigusa simu. Alikuja saluni, akaniomba karatasi na kalamu nene, akaandika kwa mkono wake: "Mladen Tonchev alikufa mwezi wa tatu. Hajaandika neno tangu hapo. Hamuungi mkono Dragiev wala Velikin. Mwacheni alale." Tukaandika nyingi, tukazibandika kituo cha basi, kwa muuza mikate, mlangoni mwa kanisa. Watu walisimama, wakasoma, wengine wakavua kofia. Binti wa mwalimu Snezhana alikuja akilia kwa hasira, akaomba kalamu ileile aandike za mama yake.

Kesho yake zote zilikuwa zimefunikwa na sura ya Dragiev, gundi bado inachuruzika.

Akashinda. Hata duru ya pili haikuhitajika. Shangazi alikwenda kupiga kura, na nilipomuuliza alimpa nani, alisema karatasi aliikunja tupu, kama alivyokabidhiwa.

Wiki ile Radost alikuja saluni kuoshwa nywele. Kwa nini sikumfukuza mlangoni, sijui. Mazoea ya kazi. Alilaza kichwa kwenye beseni, akafumba macho, akaanza kusimulia. Anahamia mji mkuu, Sofia, chama kikubwa kimemwita.

"Na zile akaunti?" nikamuuliza.

"Tumeshaziuza, dada Temenuga. Kwa watu wa dawa za magoti. Hristo mwenye masharubu ndiye waliyemgombania."

"Hristo ulimfuta, tukiona."

"Nilimrudisha jioni ileile. Alikuwa na wafuasi wengi, ingekuwa dhambi kumpoteza." Akacheka, shingo yake mikononi mwangu. "Sasa anasema amepona, anapanda ngazi kama kijana."

Mladen mwaka wake wa mwisho hakuweza kufika chooni bila kushikwa mkono. Nilifunga maji.

"Inuka."

"Bado nina povu, dada."

"Inuka na povu lako."

Alinitazama akidhani ni utani. Alipoona si utani, akajifunga taulo langu kichwani, akatoka hivyo hivyo barabarani, povu linamshuka mgongoni. Taulo hilo sijalidai, wala silitaki.