Kauri Isiyovumilia Jua

Robi hakuwa anatafuta balaa siku hiyo. Alikuwa anatengeneza redio ya mteja katika kibanda chake pale Mugumu. Ncha ya chuma cha kuchomelea ikaegemea kapasita moja kwa bahati mbaya, na namba kwenye mita zikaporomoka. Akaipuliza, zikapanda. Akaisogezea moto tena, zikaporomoka tena.

Kapasita hizo, vidonge vya kauri vya kutunza umeme, vidogo kuliko punje ya mtama, alizinunua Sirari kwa mchuuzi aliyezivusha kutoka ng'ambo. Alizipima zote asubuhi ya mvua na baridi, zikafaulu. Mama yake mzazi, mfinyanzi, angemcheka. Maisha yake yote alisaga vigae vya vyungu vilivyovunjika akavichanganya na udongo mpya, maana udongo mtupu hupendeza kivulini, ukifika motoni unapasuka. Wenye viwanda vya kapasita nao hutia katika kauri chembe kidogo za madini adimu, ili isilegee kwenye joto wala kuchoka mapema. Waliotengeneza hizi walibana mkono, na kwa nje hakuna jicho ambalo lingejua. Rahisi huwa ghali, na Robi alikwisha kufunga baadhi yazo katika mashine ya uzio wa umeme, shambani kwa baba mkwe wake, mpakani kabisa mwa hifadhi.

Na leo jua lilikuwa kali. Baba mkwe huyo, Mzee Nchagwa, alikuwa huko peke yake akilinda ulezi uliokaribia kuvunwa, akiamini waya ulio mbele yake una umeme. Tembo siku hizi hawasubiri giza.

Kumpigia simu? Katika ukoo wa mumewe, mke wa mwana hampigii baba mkwe, hampi mkono, wala hakai karibu naye. Akimkuta njiani humpisha na kuinamisha macho. Robi alimpigia mama mkwe, Efrazia, akamwuliza kama ile mashine imewahi kusumbua. Efrazia alijikohoza kwanza. Akakiri kwamba mzee alikuwa akilalamika tangu ilipofungwa: taa yake huzimika jua likichoma, na kurudi jioni. Mzee alimtuma yeye Efrazia amwambie Robi. Lakini yeye aliona vibaya kumvunja moyo mkwe mgeni, basi akamletea salamu za shukrani tu. Na simu ya mzee ilikuwa pale nyumbani, inachajiwa. Mficha uchi hazai, tunasema kila siku, halafu tunaficha.

Robi alirukia pikipiki yake. Barabara ya vumbi hakuiona. Aliona tu kile kikasha cha chuma chenye mashine, alichokitundika kwenye nguzo kwa mikono yake, kikitazama jua sawasawa, na fundi, yeye mwenyewe, akijisifu.

Alipofika, taa ya kikasha ilikuwa imezimika. Ng'ambo ya waya kundi la majike na ndama wao lilikuwa linatoka kichakani bila haraka yoyote. Mzee Nchagwa alikwisha kushuka dunguni. Alisimama upande huu, hatua chache tu kutoka kwenye waya, akigonga debe kwa kujiamini kabisa, kama mtu aliye nyuma ya ukuta.

Kapasita nyingine hakuwa nazo, na hata angekuwa nazo, nani angempa muda wa kuzifunga? Kitu kimoja tu kingefaa: kupoza kikasha. Yeye alivaa suruali na fulana ya kazi, hana hata kanga. Mzee alivaa koti lake zito, na kibuyu cha maji kilining'inia begani mwake. Robi aliogopa tembo, na aliona aibu. Kwa sekunde moja aibu ilikuwa kubwa kuliko tembo. Kisha akamwendea, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Baba, waya umekufa. Nipe koti na maji."

Debe lilinyamaza. Mzee akaitazama taa, akawatazama tembo, akavua koti mbele ya mke wa mwanawe na kumwekea mikononi. Vidole vyao viligusana. Robi alikimbia nguzoni, akakifunika kikasha kwa koti, akamwaga maji yote juu yake, akaanza kupepea kwa mfuniko wa debe. Chuma kilitoa mvuke. Mzee alirudi nyuma taratibu, kifua wazi, bila kuwapa tembo mgongo.

Jike lililotangulia lilifika kwenye waya. Likanyoosha mkonga, likanusa ulezi.

Chini ya koti kitu kikalia tiki. Kikanyamaza. Kisha tiki, tiki, na mwanga mwekundu wa taa ukapenya kitambaa kilicholowa. Mkonga ukagusa waya.

Mlio wa jike ulisikika hadi kijijini. Kundi zima liligeuka likaingia kichakani, ndama wakiwa katikati.

Robi aliendelea kupepea muda mrefu baada ya haja kwisha. Alilia bila kujificha. Mzee alisimama mbali kidogo, amempa mgongo kwa sababu ya kifua chake kilicho wazi. Ndipo Robi alipokumbuka kwamba hata salamu hakutoa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," mzee alijibu, akitazama ulezi wake. "Ikizimika tena, nitakwambia mwenyewe."