Modemu Inayokubali Linux

Mwaka 2004 nilizunguka maduka ya Mwanza nikitafuta modemu ya kuingilia intaneti kwa simu ya mezani, inayokubali kompyuta yangu yenye mfumo wa Linux badala ya Windows. Kila muuzaji aliniamkia, kisha akasema, "Inakubali, mzee." Duka la nne nikageuza swali: "Hii inakataa Linux, au siyo?"

"Inakataa kabisa, mzee."

Modemu ileile ya maduka matatu ya kwanza! Adabu gani hii ya kupoteza watu?

Katika duka la tano, mtaa wa Mkuyuni, muuzaji aitwaye Jovina naye aliniamkia, akaitazama modemu yake, akasema, "Sijui, mzee."

Nikainunua papo hapo. Nyumbani ikakataa.

Kesho yake nikamrudishia, naye akanirudishia pesa.

"Sasa najua," akasema. "Hiyo inakataa. Labda ujaribu hii."

"Inakubali?"

"Sijui, mzee."

Nikatoa pochi.