Kipimo cha Fundi Leonida

Fundi Leonida alikuwa na pua, na Karatu nzima ilijua. Gari la turbo likiletwa gereji kwake, aliinama nyuma ya bomba la moshi, akavuta pumzi mara moja, akasema kama injini inakula mafuta mengi au inanyimwa. Hakukosea. Watu wa Baray walipanda mlima kumfuata, na madereva wa watalii walimwita Pua mbele ya wageni wao, naye hakukasirika, maana jina hilo lilimlisha.

Kisha mwaka juzi mafua makali yakamlaza wiki mbili, na alipoinuka hakusikia tena harufu ya kitu chochote, si petroli, si kitunguu, si mvua. Hakumwambia mtu. Aliendelea kuinama nyuma ya mabomba na kuvuta pumzi, akasema la kubahatisha, na siku moja alibahatisha vibaya, nusura aunguze pistoni za mteja. Ndipo alipopanda basi kwenda Arusha kutafuta kipimo.

Muuza vipuri, Vedasto, alimtolea viwili. Vyote vilionyesha kwa namba jinsi hewa na mafuta vinavyochanganyika: namba ikiwa kubwa, hewa imezidi, ikiwa ndogo, mafuta yamezidi. Cha kwanza kilitaka nati ichomelewe kwenye bomba karibu na turbo, kila gari na nati yake, na kioo chake kikubwa kikae juu ya dashibodi. Cha pili kilibanwa tu kwenye mdomo wa bomba, na ukimaliza unakitia mfukoni. Vedasto alimshauri achukue cha kwanza. Cha pili, alisema, kinataka bomba refu. Bomba fupi huvuta hewa ya nje, na kipimo hakijui hewa hiyo imetoka wapi. Leonida aliitikia kwa kichwa huku akikipima cha pili kiganjani. Kilienea ndani ya koti bila mtu kukiona. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na gereji.

Mteja wa kwanza wa kipimo hicho alikuwa Parmuat, kijana wa Endulen, mwenye Subaru ya turbo ambayo huwabebea wajawazito kutoka mabomani hadi hospitalini. Gari lilikuwa limefungwa turbo nyingine na sasa halieleweki milimani. Leonida alingoja Parmuat aende kunywa chai, akaingia chini ya gari, akabana kipimo. Kikasoma kumi na saba. Hewa imezidi, akasema moyoni, akaunganisha kompyuta na kuongeza mafuta. Namba ikabaki juu. Akaongeza tena.

Hakulifikiria bomba, ingawa alilikata mwenyewe miaka mitatu nyuma, usawa wa kiti cha abiria, kama alivyokata ya nusu ya magari ya Ngorongoro. Mawe ya njia ya Endulen hung'oa chochote kinachoning'inia huko nyuma. Kwa fundi wa Karatu bomba fupi ndilo bomba, na lile refu ni la watu wa lami.

Parmuat aliporudi, wakalijaribu gari kwenye mpando wa kuelekea lango la hifadhi. Ukungu ulikuwa umeshuka barabarani. Gari lilikohoa, likajikokota, mwisho Leonida akaliegesha pembeni injini ikiunguruma. Akaingia chini, akasoma namba, akarudi na kusema mafuta hayajatosha. Mkono ulikuwa tayari kwenye kompyuta.

Parmuat alikuwa amejiziba pua kwa shuka.

"Yeyo," alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "petroli inatuchoma macho. Kwani husikii harufu?"

Uongo ulikuwa karibu: angesema ana mafua. Lakini alikumbuka ni nani hulala kwenye kiti cha nyuma cha gari lile, na jinsi lingezima katikati ya mlima naye yumo. Aliona aibu, aibu ya kweli.

"Sisikii," alisema. "Mwaka wa pili huu sisikii kitu."

Parmuat hakucheka wala hakumpa pole. Alipiga magoti kwenye tope, akasogeza uso karibu na bomba, akamwambia apunguze. Leonida akapunguza. Bado, akasema kijana. Akapunguza tena. Walikwenda hivyo mpaka Parmuat alipovuta pumzi bila kukunja uso, na gari likapanda.

Wiki iliyofuata Leonida alirudi kwa Vedasto akachukua kile kipimo kikubwa. Nati ya kwanza aliichomelea kwenye Subaru ile ile, karibu na turbo, mchana, mlango wa gereji ukiwa wazi. Parmuat alikitazama kioo kwenye dashibodi, akasema Endulen watamuuliza hiki ni cha nini, wakati fundi mwenyewe ana pua yake. Akauliza awajibu nini.

Leonida alikuwa akikaza skrubu ya mwisho. Alijua kwamba akimwomba kijana afiche, atamfichia.

"Waambie fundi hasikii harufu," alisema. "Halafu waambie waje."