Harufu ya Shira

"Nani kamwaga shira humu?" mzee aliuliza, hata mkanda wa gari hajafunga.

Binti yake alinusa. Hakusikia kitu, ila vumbi la viti. Akamtazama baba yake kwa jicho la pembeni.

Mzee alikuwa mwokaji mikate kwa miaka arobaini. Alikuwa akisimama mlangoni tu akajua mkate umeiva, bila kugusa tanuri. Kisha homa kali ya mwaka juzi ilimlaza wiki tatu, na alipoinuka kitandani pua yake ilikuwa imekufa. Chai na maji ya moto vikawa kitu kimoja kwake. Tanuri akawaachia wafanyakazi, yeye akabaki na redio yake sebuleni. Daktari alimwita binti pembeni akamwonya: wagonjwa wa namna hii wakati mwingine husikia harufu zisizokuwepo. Ikitokea, usibishane naye.

Basi hakubishana. "Labda soda ilimwagika, baba. Nitafuta."

Jumanne iliyofuata, walipokuwa wakienda tena kliniki kupima presha, shira ilikuwepo. Jumanne ya tatu pia.

"Nitaliosha gari lote, baba."

Mzee akageuka kitini. "Unanijibu kama unambembeleza mtoto alale. Sijachanganyikiwa, mama. Gari lako linanuka."

Neno hilo lilimchoma. Kliniki walipotoka, hakwenda kwenye cherehani zake zilizokuwa zikimsubiri. Alikata kona, akaingia gereji ya fundi ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu, kwa kuwa hakuwa na haraka hata ya kumaliza kikohozi chake mwenyewe.

"Harufu gani, mzee wangu?" Taratibu aliuliza.

"Tamu. Kama sukari ikiyeyuka sufuriani, kabla haijaungua."

Fundi akaacha kufuta mikono. "Maji ya rejeta hayo, yale ya kijani. Hunuka hivyo hivyo."

Binti akamvuta nyuma ya gari, akamnong'oneza habari za homa na onyo la daktari. "Angalia kidogo tu, fundi, ili aridhike."

"Dada," alisema Taratibu, "lisemwalo lipo. Itakuwa linalonuswa?"

Akafungua boneti. Akapitisha tochi kwenye mipira ya maji mmoja mmoja, akabinya viungio, akapapasa chini ya pampu, kisha akajilaza kwenye boksi na kuingia uvunguni. Alipotoka alitikisa kichwa. Kote kukavu, sakafuni hata tone. Maji kwenye chupa ya rejeta yalikuwa yamepungua vidole viwili tu.

Hapo ndipo binti alipogundua kwamba alikuwa ameanza kutumaini, bila kujipa ruhusa. Akafungua mkoba atoe pesa ya fundi.

Lakini Taratibu hakufunga boneti. Alileta pampu ndogo ya mkono yenye saa ya kupimia upepo, akaifunga pale penye kifuniko cha rejeta, akajaza upepo. "Sasa tunakaa," alisema, na wakakaa wote watatu kwenye benchi, wakiitazama saa kama watu wanaongoja mgeni. Robo saa haikuisha. Mshale ulikuwa umeshuka.

"Maji yanatoka," fundi alisema. "Ila hayatokei nje."

Mzee hakuulizwa. Alinyanyuka, akaingia garini, akafunga mlango na vioo, akafumba macho. Kichwa kikageuka polepole, kushoto, kulia, kikainama. Akafungua mlango.

"Hapa," alisema, akionyesha miguu yake mwenyewe.

Taratibu alitoa mkeka wa mpira, akabandua zulia. Chini yake sponji ilikuwa imelowa. Aliibinya, na maji ya kijani yakamchuruzika vidoleni, yakiteleza kama sabuni.

"Kuna rejeta ndogo ya hita, imejificha nyuma ya dashibodi," alieleza. "Imetoboka. Ukiwasha gari inatema huku chini, ndiyo maana nje hakuna dalili. Wewe dada unaendesha gari hili kila siku, na imeongezeka kidogo kidogo, pua imeizoea. Mngeendelea hivi, injini ingechemka na kuwaacha njiani."

Binti hata habari ya injini hakuisikia. "Kwa hiyo harufu ipo?"

"Ipo! Mimi mwenyewe hapa naisikia."

Binti akapiga magoti kwenye saruji, akasogeza uso zuliani. Hafifu, lakini ilikuwepo. Shira. Machozi yakamtoka palepale, mbele ya fundi na wateja wake.

"Nisamehe, baba. Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Hata mimi nilikuwa nadhani," mzee alisema kwa upole. "Juzi nilijiuliza kama akili inaniaga." Akaweka mkono juu ya kichwa cha bintiye. "Mungu ni mwema. Na gari lako libarikiwe kwa ubovu wake."

Kubomoa dashibodi na kuirudisha kulichukua siku mbili. Walipokuja kulichukua gari, mzee aliingia, akafunga vioo, akavuta pumzi ndefu.

"Vipi?" aliuliza binti.

"Hakuna kitu." Sura yake ikanywea. "Hakuna kabisa."

Wakatazamana, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kusema kwamba huenda pua imekufa tena. Kisha mzee akainama upande wa bintiye, akanusa, akanusa tena.

"Mafuta ya nywele umebadilisha lini?"

"Mwaka jana, baba."

"Ya zamani yalikuwa mazuri zaidi."

Binti akalaza paji la uso kwenye usukani, akicheka huku akilia, ufunguo mkononi. Taratibu alitoka mbio, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Dada! Limegoma?"

"Halijagoma, fundi," alijibu, akishusha kioo na kutoa mkono kuushika wake. "Asante. Asante sana."