Pigo la Sitini na Moja

Fébronie aliogopa kila kitu isipokuwa daftari. Aliogopa ulimi wake, usije ukateleza sokoni ukatoa Kirundi cha Bujumbura badala ya Kiha cha Heru Juu. Aliogopa kuulizwa alisoma shule gani. Zaidi ya yote aliogopa malori. Mwaka ule wa 1997 ilikuwa imetoka amri kwamba Warundi wote wanaoishi nje ya kambi waondolewe, na malori yakawa yanapita mtaa kwa mtaa yakizoa watu, wengine wana wajukuu waliozaliwa hapa hapa. Wakimbizi wa kawaida walipelekwa kambi za Kasulu. Waliodhaniwa waasi, watu walinong'ona, lori lao likifika njia panda ya Mwandiga hushika njia ya Manyovu, moja kwa moja mpakani. Ng'ambo ya mpaka huo ndiko alikouawa mume wake Anatoli, na waliomuua walilijua jina la mkewe.

Kwa hiyo pale Kasingirima, mtaa wa Ujiji, aliitwa Recho, mtoto wa mdogo wake Honorata, ametoka Heru Juu kuja kumsaidia mama mkubwa biashara ya mawese. Honorata alikuwa mjane wa Kiha, mwanamke wa sauti kubwa na viganja vilivyogeuka rangi ya chungwa kwa mafuta. Miaka miwili nyuma alimkuta mwaloni, mitumbwi inapotua, akitetemeka kwa homa, akambeba, akampa jina siku ile ile. Lile jina lake la kweli hakulitamka tena, hata wakiwa wawili jikoni na mlango umefungwa.

"Ukilizoea ndani litakuponyoka nje," alisema. "Wewe ni Recho mpaka nife."

Kabla ya kuwa Recho, Fébronie alifundisha fizikia chuoni, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa nyota zinazovimba na kunywea. Zipo nyota za namna hiyo. Huvimba, hunywea, huvimba tena, kwa zamu isiyokosea, na mng'ao wake hupanda na kushuka vivyo hivyo. Mwenye subira akiupima mng'ao huo anaweza kujua kilichomo tumboni mwa nyota, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Watu wengi aliowaeleza jambo hili walimtazama wakamwonea huruma. Honorata hakushangaa hata kidogo. Alikunja kidole, akaligonga pipa la mawese lililokuwa ukutani, juu, katikati, chini.

"Limefika hapa," akasema, akaonyesha kwa mkono. "Sijalifungua, nimelisikia tu. Si ndiyo hivyo?"

Ndiyo hivyo hasa. Fébronie alicheka siku ile, na hakuwa amecheka tangu Bujumbura.

Nyota yake ilikuwa moja, ndogo, katika kundi liitwalo Tai, naye daftarini akaiita hivyo hivyo. Haikuhitaji darubini. Ilifika kileleni kila baada ya siku saba na saa nne na dakika kadhaa, na ilipokuwa inashuka ilikuwa na kinundu kidogo, kama mtu anayeteremka ngazi akasita. Kinundu hicho ni habari kutoka ndani, na Fébronie alikuwa anakiwinda. Kila jioni iliyo wazi alisimama uani, akailinganisha na nyota mbili za karibu yake, moja hafifu na moja yenye nguvu, akaandika. Miezi kumi na minne. Vilele sitini, vingine ameviona, vingine amevihesabu tu kwa sababu jua au mvua iliificha nyota yake. Ilikuwa kazi pekee ambayo hakuna aliyemnyang'anya.

Kuandika kwa Kifaransa kungekuwa kujitangaza. Akaandika Kiswahili, tena akajiona mjanja. Neno la kule kuvimba na kunywea hakuwa nalo, akaazima la muuguzi wa zahanati aliyewahi kumshika kifundo cha mkono akahesabu huku ametazama saa. Mapigo.

Alhamisi, mwisho wa Novemba, alirudi kutoka kuosha madumu akamkuta jirani yao Leonia amesimama njiani, khanga ameiuma kwa meno.

"Usiingie," Leonia alisema. "Askari wamepekua. Mama yako mkubwa wamemchukua, wamempeleka kwenye lile ghala la mwaloni wanakokusanya Warundi. Wamekuta daftari kwenye unga. Wanasema mna vita Jumamosi."

"Vita gani?"

"Mimi nitajuaje? Kimbia, Recho. Pita mashambani, uende."

Madumu yalimponyoka mikononi. Alikwenda nyuma ya choo, akachuchumaa. Njia ya mashambani aliiona pale alipo, nyeupe, haina mtu. Angeweza kuwa mbali kabla ya magharibi. Lakini daftari lisilo na mwenyewe lingekuwa la Honorata, na Honorata, ambaye kusoma kwake ni kwa kuunga herufi, angeeleza nini? Angesema ni nyota. Nani angemwamini? Na nani aliyemwambia ni nyota? Alikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akainuka akashika njia ya mwaloni, akijitukana kila hatua.

Afisa aliyekuwa ghalani aliitwa Pastory. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na macho yake yalionyesha hajalala siku kadhaa. Honorata alikuwa amekalishwa sakafuni kwenye kona, hana viatu. Alipomwona Fébronie anaingia alifumba macho kwa uchungu.

"Shikamoo, afande," Fébronie alisema. "Daftari ni langu."

"Marahaba. Kaa." Pastory alilifungua, akasoma polepole. "'Tai. Pigo la hamsini na tisa. Saa mbili na dakika kumi. Amelingana na jirani mdogo.' Hapa: 'Pigo la sitini. Amempita jirani mkubwa.' Na hapa, la wiki hii: 'Pigo la sitini na moja. Jumamosi, kuanzia saa mbili usiku.'" Akaliweka mezani. "Jirani mdogo ni Burundi. Jirani mkubwa ni Kongo. Nimekosea?"

Fébronie alinyoosha mkono aonyeshe ukurasa, Pastory akalivuta daftari.

"Mapigo sitini mmeshapiga," Pastory aliendelea, na sasa sauti yake ilitetemeka kidogo. "Nimekaa hapa nasoma, najiuliza, yamepigwa wapi ambako sisi hatukusikia? Na Tai ni nani? Ana watu wangapi? Jumamosi wanatua wapi, hapa Ujiji au Kibirizi?"

Ndipo Fébronie alipoelewa kuwa mtu huyu naye anaogopa, na hofu yake yeye ikaongezeka maradufu. Mwenye bunduki akiogopa, hapo ndipo pabaya.

"Tai ni nyota," alisema.

"Nyota."

"Mapigo kama ya moyo, afande. Si ya bunduki. Inavimba, inanywea. Majirani ni nyota nyingine, nalinganisha tu."

"Mwuza mawese kutoka Heru Juu anapima mapigo ya nyota." Pastory aliegemea kiti. "Hayo ulijifunza wapi?"

Hilo ndilo swali alilolikimbia miaka miwili. Angelijibu, daftari lingekuwa daftari la mwalimu na Honorata angerudi kwenye mapipa yake. Angelijibu, Recho angekufa papo hapo.

"We mtoto, nyamaza!" Honorata alifoka kutoka kwenye kona.

"Chuo Kikuu, Bujumbura," Fébronie alisema. "Mimi si Recho. Ni Mrundi, afande. Mama huyu nilimdanganya, hakujua."

"Nilijua!" Honorata alisema kwa hasira. "Usinifanye mjinga mbele za watu."

Pastory alimtazama huyu, akamtazama yule. Nje giza lilikuwa linaingia. Akachukua kalamu na karatasi, akasimama. "Nionyeshe."

Walisimama mbele ya ghala. Upande wa Kongo, juu ya ziwa, kundi la Tai lilikuwa linateremka. Fébronie alinyoosha kidole. Kwanza ile kubwa nyeupe. Sasa shuka kushoto, kuna mbili hafifu, karibu sawa. Moja ni jirani mdogo. Nyingine ndiyo yenyewe. Na jirani mkubwa ni ile iliyo karibu na kubwa nyeupe.

"Leo imenywea kabisa," alisema. "Jumamosi usiku itakuwa imempita jirani mkubwa."

Pastory alichora nukta zake kwenye karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. "Isipompita?"

Fébronie alikuwa bado ameikazia macho nyota.

"Isipompita, basi ni uongo uliotungwa vizuri," Pastory alisema. "Wewe utakwenda Manyovu. Na huyu mama atakwenda jela kwa kuficha mwasi."

Ijumaa ilipita, Jumamosi ikaja. Zilikuwa siku za giza la mwezi, ambazo wavuvi wa dagaa huzingojea, lakini Pastory alikuwa amekataza mtumbwi hata mmoja kuingia majini, na taa za karabai zote zikazimwa. Ujiji nzima ililalamika kukosa dagaa kwa ajili ya nyota, ingawa haikujua. Ndani ya ghala watu arobaini walikaa wakisubiri lori. Fébronie hakula. Alihesabu upya kichwani, akapata jibu lile lile, akahesabu tena. Nyota hakuwa na shaka nayo. Ila tangu alasiri alikuwa anasikia radi.

Saa moja na nusu walimtoa nje na Honorata. Ziwa lilikuwa jeusi. Askari walilala kifudifudi mchangani wakiwa wameelekeza bunduki majini, wanangoja pigo la sitini na moja. Juu hapakuwa na kitu. Wingu lilikuwa limetanda kutoka milima ya Kongo mpaka vichwani mwao.

"Iko wapi?" Pastory aliuliza.

"Nyuma ya wingu."

"Kwa hiyo haipo."

"Ipo, afande. Iko kileleni sasa hivi."

"Mimi siioni."

Saa mbili. Saa mbili na robo. Lori lilikuja, likawashwa taa, likaanza kupakiwa. Fébronie alikuwa amemtazama nyota huyu miezi kumi na minne bila kumwomba lolote, na sasa alikuwa anamwomba, kwa midomo kabisa, kama mwendawazimu. Honorata alikuwa amemshika kiuno kwa nyuma, akigonga mgongo wake kwa kidole kilichokunjwa, taratibu, bila kujua anafanya hivyo.

Kisha upepo ukageuka, wingu likapasuka upande wa magharibi, na ile kubwa nyeupe ikatokea. Wakangoja. Mpasuko ukashuka.

Pastory alitoa karatasi yake, akaimulika kwa kurunzi, akatazama juu, akatazama karatasi. Alifanya hivyo mara nne. Jirani mdogo alikuwa pale pale, hafifu vile vile. Lakini kando yake, ile ambayo juzi ilikuwa sawa naye ilikuwa inawaka kumshinda, ikamshinda na jirani mkubwa.

"Mungu wangu," Pastory alisema polepole. Kisha akageukia mchangani akapaza sauti: "Inukeni! Hakuna mtu anayekuja."

Alimrudishia Fébronie daftari kwa mikono miwili. Honorata alikuwa ameanza kulia na kucheka, akimvuta mkono waende zao nyumbani, lakini Pastory hakusogea kando.

"Mama, wewe nenda," alisema. "Huyu ni mwalimu, nimeona. Lakini amenieleza kwa kinywa chake kwamba ni Mrundi, na amri ni amri. Nitamwandika mkimbizi. Kasulu."

"Alikwambia ni nyota! Umeiona mwenyewe!"

"Nimeiona, mama. Ndiyo maana si Manyovu."

Wakampandisha. Lori lilipoanza kuondoka Honorata alilikimbilia, akaligonga bodi kwa kidole kilichokunjwa, juu, katikati, chini, na kwa mara ya kwanza mbele ya Ujiji nzima akaita kwa ile sauti yake kubwa: "Fébronie! Fébronie! Nitakuja na mafuta!"

Ndani kulikuwa na giza na jasho. Turubai lilifunika kote isipokuwa nyuma. Watu walinong'ona kwamba kuandikwa kwenye karatasi si kitu, kwamba wa wiki iliyopita nao waliambiwa Kasulu, wakapelekwa Manyovu. Mwanamke mzee alianza kusali. Fébronie alianza kuogopa upya. Kwani Pastory amebaki Ujiji, na dereva hakuwa ameiona nyota.

Lori lilikuwa linaelekea kaskazini, hilo alilijua, maana uwazi wa nyuma ulionyesha anga ya kusini tu. Mwandiga ndiyo ingeamua. Likienda moja kwa moja kaskazini, ni Manyovu, na uwazi ule ungebaki kusini. Likigeuka kwenda Kasulu, mgongo wake ungetazama ziwa.

Lilisimama. Sauti za watu nje, mlango wa dereva, kisha mtu akacheka. Mzee yule aliacha kusali. Injini ikanguruma, lori likasogea, na Fébronie alikodoa macho kwenye ule uwazi mpaka yakauma. Wingu. Wingu. Kisha mbingu zikaanza kuzunguka, polepole, kutoka kulia, na kubwa nyeupe ikaingia kwenye uwazi, na kushoto kwake ile ndogo.

"Tugiye i Kasulu," alisema. Tunakwenda Kasulu. Kirundi kilimtoka kwa sauti, mbele za watu, na hakuna kilichotokea.

"Umejuaje?" mzee aliuliza kwa lugha hiyo hiyo.

Alimshika mkono akamwonyesha. Mzee alichungulia muda mrefu.

"Hako kadogo?"

"Ndiyo," Fébronie alisema, na hapo machozi yakamtoka. "Ila leo ni kakubwa."