Barua ya Baba Hidaya

Alikuwa amemaliza kuchora neno HIDAYA kwenye sanduku, rangi bado mbichi, honi ya basi la asubuhi iliposikika. Mikidadi aliweka brashi juu ya kopo, akaliacha sanduku la bati barazani na kuvuka barabara mbio mbio mpaka dukani kwa Paulo. Basi hilo ndilo lililoleta magazeti Mkuyuni kila Jumamosi, siku ya gulio.

Mwaka ule wa soko huria magazeti yalikuwa yameota kama uyoga, na kila gazeti lilikuwa na ukurasa wa maoni ya wasomaji. Maoni hayo Mikidadi alikuwa nayo tele. Alikuwa na lake la kusema kuhusu viwanda vya Morogoro vilivyokuwa vikitafutiwa wanunuzi, kuhusu mikanda ya video iliyowafanya vijana waone ngoma za kwao ni ushamba, na kuhusu wazazi wanaolea kwa fimbo bila neno. Mchana alichora mabango ya watu, saluni kwa huyu, vipuri vya baiskeli kwa yule. Jioni aliandika ya kwake na kumpelekea mhariri. Alikwisha kupeleka barua kumi na moja na hakuna hata moja iliyotoka. Mkewe, Mwajuma, alikuwa akimtania kwamba mhariri huyo bila shaka ana mke anayeuza vitumbua, na barua zake ndizo za kufungia.

"Baba Hidaya, leo umetoka!" Paulo alimpokea kwa kelele. "Ukurasa wa sita. Jina lote!"

Mikidadi alilifungua gazeti papo hapo. Jina lake lilikuwa pale kweli, limepigwa chapa, dogo lakini jeusi. Alicheka peke yake kama mwehu. Kisha akasoma mstari wa kwanza, akajua ni barua ipi, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Aliiandika mwezi wa kumi na moja, akiwa na hasira. Hidaya alikuwa amevunja ungo, na mjomba wake, Salehe, akasema atawekwa ndani awe mwali mpaka baada ya mavuno, kama walivyowekwa mama yake na bibi yake. Mikidadi alikuwa mtu wa kuja, amejenga ukweni, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Neno la mwisho lilikuwa la Salehe. Majibu ya darasa la saba yalipotoka na Hidaya akachaguliwa sekondari ya mjini, Mikidadi hakuthubutu kumwambia shemeji yake kitu. Alimwambia mhariri.

Lakini wiki tatu baadaye Salehe mwenyewe alishuka kwenye basi la kutoka mjini na sanduku jipya la bati kichwani. Alilitua hapo barazani, akasema, "Mtoto aende. Ngoma tutamchezea likizo." Hakueleza zaidi. Mikidadi alifurahi mno siku ile hata barua ile akaisahau kabisa.

"Yamekuja mangapi?" alimuuliza Paulo.

"Matano."

"Nipe yote."

"Yamebaki matatu. Moja kachukua mwalimu mkuu. Jingine kachukua shemeji yako sasa hivi, kaelekea huko huko kwako."

Mikidadi alirudi mbio na magazeti matatu kwapani. Salehe alikuwa ameshaketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, na Hidaya amekaa mkekani mbele yake na gazeti magotini. Ndiyo ilikuwa desturi yao ya kila Jumamosi. Salehe alipenda habari kuliko chai, ila macho yake, alisema, yana ukungu. Ukungu huo haukumzuia kumwona kima akiiba mahindi ng'ambo ya bonde, na Mkuyuni nzima ilijua maana yake, lakini hakuna aliyewahi kuitamka.

"Karibu, shemeji," Salehe alisema. "Malizia kazi yako. Sisi tupo Burundi huku, mambo si mazuri."

Mikidadi alipiga magoti mbele ya sanduku, akachovya brashi. Aliandika M. Aliandika I. Ukurasa wa tatu ulisema bei ya sukari itapanda, na Salehe akawalaani wanunuzi na wauzaji kwa pamoja. K. Ukurasa wa nne. Angeweza kumtuma mtoto maji. Angeweza kuangusha kopo la rangi. Aliandika I nyingine, imepinda, yeye ambaye mkono wake ulisifiwa mpaka Matombo. Tangu Hidaya akiwa darasa la pili, yeye mwenyewe baba alikuwa amemfundisha sheria moja tu: gazeti halirukwi, hata tangazo la msiba lisomwe.

Ukurasa uligeuzwa. Sauti ya Hidaya ikakatika.

"Mbona umenyamaza?" Salehe aliuliza.

Mtoto alimtazama baba yake. Mikidadi alitaka kutikisa kichwa, na shingo ikakataa. Aliogopa mno.

"Kuna barua, mjomba," alisema Hidaya polepole. "Ya baba."

"Alaa! Imetoka? Soma basi, soma kwa sauti!"

Akasoma. "Mhariri, naomba nafasi niseme machache. Mwanangu amefaulu, lakini mjomba wake, Bwana Salehe wa Mkuyuni, anataka awekwe ndani. Siipingi ngoma. Nyimbo za mwali ni sanaa, na wanaoziimba ni walimu. Lakini ngoma inaweza kungoja likizo, shule haingoji mtu. Nauliza wasomaji wenzangu: mjomba asiyejua kusoma, atajuaje thamani ya kitabu?"

Mwajuma alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Alisimama mlangoni.

"Rudia hapo mwisho," alisema Salehe.

Hidaya alirudia, machozi yakimlengalenga.

"Uliiandika lini?"

"Kabla hujaleta sanduku, shemeji. Wallahi, kabla."

"Na baada ya sanduku, uliandika nyingine?"

Mikidadi aliinamisha kichwa. "Sikuandika."

"Miaka kumi na minne tunakula sinia moja. Ungeniambia."

"Nilikuogopa."

"Ukaniogopa mimi, nchi nzima usiiogope." Salehe aliinuka. "Hidaya, leta nguo zako."

Hakuna aliyeuliza ni za kwenda wapi. Mwajuma alishika fremu ya mlango. Siku ya kuripoti ilikuwa Jumatatu, na nyumba ya mwali, kule juu kwa bibi, ilikuwa imefagiliwa tangu mwezi wa kumi na moja. Mikidadi alihesabu pumzi zake. Hidaya alirudi na nguo zake amezifunga kwa kanga, akazitua chini.

Salehe alifungua sanduku. Alichukua gazeti lake, akalikunjua, akalitandika ndani ya sanduku, chini kabisa, ukurasa wa sita ukitazama juu, akalilainisha pembe zote kwa kiganja. Kisha akaanza kupanga sare za shule juu yake, moja moja.

"Tunawahi basi la saa nane," alisema. "Tutalala mjini kwa dada."

"Nichukue shati langu tu," Mikidadi alisema akiinuka.

"Wewe baki. Una barua ya kuandika."

Salehe alilibeba sanduku mwenyewe, amelikumbatia kifuani, na rangi mbichi ikamchafua kiganja na kanzu. Mikidadi aliwafuata kwa nyuma mpaka barabarani, brashi bado mkononi, kama mtu anayesindikiza jeneza. Hidaya alimbusu mkono, akamkumbatia mama yake, akapanda. Utingo alilipachika sanduku juu ya keria. HIDAYA MIKI, lilisema, na baada ya hapo doa jeupe la vidole vitano.

Basi lilisimama kidogo mbele ya duka la Paulo kungoja abiria. Dirishani Salehe alikuwa ametoa mkono nje, kidole cheupe kwa rangi kimeelekezwa kwenye bango ambalo Mikidadi alilichora mwaka jana. Kidole kilikuwa kwenye herufi ya kwanza. Kando yake midomo ya Hidaya ilifunguka, ikatamka kitu kifupi, ikangoja. Kisha kidole kikasogea.