Mpigeni na Mimi

Dastan Kalinga alikuwa anakimbilia basi, basi. Hana kosa lingine. Alikuwa ametoka kwake Ipogolo, Iringa, kwenda Igawa kununua mchele wa harusi ya mdogo wake. Alipokwisha kupakia gunia, akaingia choo cha stendi, na alipotoka akaliona basi linaondoka. Akatimua mbio. Wakati huohuo, upande wa wauza vitunguu, mama mmoja akapiga kelele kwamba ameibiwa pochi. Watu wakageuka kutazama ni nani anayekimbia.

"Mwizi! Huyo! Mshikeni huyo!"

Alipigwa mtama, akala vumbi. Teke likamng'oa meno ya mbele. "Jamani, nawahi basi," alisema, maneno yakatoka na damu, nao wakacheka. Nondo ikamshukia begani. Kisha jamaa mmoja mwenye jezi ya bluu akanyanyua kipande cha gogo kwa mikono miwili, akakishusha katikati ya mgongo.

Dastan alisikia mlio ndani ya mwili wake, kama muwa unaovunjiwa gotini. Waliendelea kumpiga, lakini miguuni hakusikia kitu. Aliona viatu vikikanyaga mapaja yake, akajiuliza yale mapaja ni ya nani.

Utingo wa basi, aliyerudi kumtafuta abiria wake, ndiye aliyewapigia kelele mpaka wakatawanyika.

Hospitali huko Mbeya walimpasua, wakamfunga vyuma, wakamweleza bila kuzunguka: uti wa mgongo umeharibika, miguu haitarudi. Baadaye akahamishiwa kituo cha mazoezi Iringa, karibu na kwao. Huko hasira ndipo ilipomlipukia. Alimrushia mtaalamu wa mazoezi, Veronika, sahani ya wali usoni. Mkewe Matilda, alipokuwa akimbadilishia mpira wa mkojo, alizabwa kofi hadi hereni ikaruka. Matilda akaiokota, akaivaa, akaendelea na kazi yake.

"Nipige tena ukitaka," alimwambia. "Ila mkojo lazima utoke."

Dastan akalia kwa kwikwi, uso ndani ya shuka.

Veronika hakuwa mtu wa kubembeleza. "Umepona, Dastan. Umepona ukiwa hivi. Sasa jifunze kuishi." Akamfundisha kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, kujinyanyua kwa mikono kila mara ili makalio yasioze, na kujikagua kwa kioo kila asubuhi, kwa sababu ngozi isiyosikia maumivu inaweza kuungua na mwenyewe asijue. Miguu ilipokakamaa na kurusharusha mateke yenyewe, alimwonyesha namna ya kuituliza. Dastan alianguka, akapasuka nyusi, akamtukana, akapanda tena kitini. Mikono yake ikawa minene kama ya mbeba magunia.

Akarudi nyumbani. Kabla ya ajali ile ya kibinadamu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Sasa jirani yake Liberatus alimkatia miguu ya meza ya kazi ikawa fupi, akamsaidia kuanza upya. Huyo Liberatus ndiye aliyemnywesha uji siku za mwanzo, na ndiye aliyekuwa akimsukuma kwenda kanisani Jumapili, wakitaniana njia nzima.

Mchana mmoja kelele zikasikika barabarani, pale malori yanapopumzika kabla ya kupanda mlima wa mjini. "Mwizi! Mwizi wa betri!"

Dastan akazima mashine ya kuchomelea. Matilda, aliyekuwa akianika nguo, alimwona anachukua kipande cha bomba. "Dastan, unakwenda wapi? Dastan!"

Alikwisha kutoka.

Aliingia katikati ya watu kwa kasi, akiwagonga visigino. Katikati alilala kijana wa miaka kama thelathini, jicho moja limefumba, sikio linaning'inia. Walikuwa wakimpiga kwa zamu. Na aliyesimama juu yake, jiwe kubwa limeinuliwa kichwani, alikuwa Liberatus.

Dastan alizungusha bomba, likampata Liberatus kwenye ugoko, mfupa ukalia. Jiwe likaanguka pembeni. Mtu akakishika kiti kwa nyuma, akakipindua. Dastan akaburuzika juu ya lami iliyochemka kwa jua, akajivuta kwa viwiko mpaka akamfikia yule kijana, akamlalia kifuani na kumfunika kichwa kwa mikono.

"Mpigeni na mimi!" alipiga kelele. "Haya! Malizieni kazi ya wenzenu wa Igawa!"

Teke likamwingia mbavuni. Lingine. Damu ya mwizi ilimlowesha shavu, yenye joto.

"Toka hapo, bwana, huyu ni mwizi kweli!" Liberatus alilia, ameshika mguu. "Betri tumemkuta nayo!"

"Najua!"

"Sasa unamtetea nini?"

"Libe, ulininywesha uji. Ungekuwa Igawa siku ile ungeshika gogo?"

Liberatus alilitazama jiwe lililoanguka, akachechemea kando. Wengine bado walitukana, lakini hakuna aliyeinua tena mkono, mpaka gari la polisi likafika na kumchukua mwizi, angali anapumua.

Usiku ule Matilda alimvua suruali, akapiga yowe. Lami ilikuwa imemla nyonga mpaka nyama nyekundu, na Dastan hakuwa amesikia chochote. Akarudishwa kituo cha mazoezi, akalazwa kifudifudi kwa miezi. Kidonda kilinuka, homa ikampanda na kushuka. Veronika alimfokea kila alipokisafisha.

Liberatus hakuja kumwona hata mara moja. Wateja nao walipungua. Mtaani wakamwita wakili wa wezi.

"Umetuponza," Matilda alimwambia siku moja akimgeuza kichwa anyweshwe maji. "Mtu mwenyewe jambazi. Amefungwa, na hata asante hakukutumia."

"Lakini anatembea?"

"Nani?"

"Yule mwizi. Anatembea?"

Matilda aliweka kikombe kando. "Nasikia alipanda karandinga la polisi kwa miguu yake."

Dastan akafumba macho. Tangu Igawa, kila alipofumba macho aliona jezi ya bluu na gogo likishuka, akayafumbua upesi. Safari hii aliliona tena, vilevile, likishuka. Lakini aliyaacha macho yamefumba.

"Nipe maji," alisema.